Bundi Halipi Kiingilio

Nilimkuta kabla ya alfajiri, Kikatiti,
pembeni mwa lami, bawa moja limefunguka
kama mwavuli ulioshindwa na upepo.
Baiskeli yangu ilibeba mikate themanini,
viganja vyangu bado vina unga.
Lori lililomgonga, nadhani, lilishapita Boma Ng'ombe.

Bundi.
Nawe unajua bundi ni nani kwetu.
Akilia juu ya bati mama hutupa chumvi motoni,
kisha huhesabu watoto,
kisha huhesabu wagonjwa wa ukoo mmoja mmoja,
na mgonjwa akipona, bundi hapewi shukrani.

Nikamwaga mikate ya kreti moja kwenye khanga,
nikamlaza yeye. Hakunidonoa.
Alinitazama kwa jicho la manjano,
jicho la karani wa benki siku mtandao umekatika.

Mama alisimama mlangoni na mwiko.
"Hicho kisiingie humu."
Hakusema huyu. Alisema hicho.

Basi nikakanyaga pedali hadi Usa River.
Getini wageni wamejipanga,
kofia za ukindu, krimu nyeupe puani.
Mlinzi akaniuliza: mgeni au mkazi?
Nikafunua kreti.
Akarudi nyuma hatua mbili,
akafikiri, akalamba kalamu, akaandika kitabuni:
Wawili. Mmoja halipi.

Aikande Nnko, glavu hadi kwenye viwiko,
akalikunjua lile bawa polepole
kama anayefungua barua ya mtu mwingine.
"Mfupa mmoja," akasema. "Nenda kazunguke.
Ukiniangalia nitatetemeka."

Nikazunguka, nyuma ya wageni na kamera zao.
Mbega aliyeshika waya wa umeme Tengeru
anapanda mti kwa mkono mmoja na hasira.
Tumbusi aliyekula sumu waliyotegewa simba
huuzunguka mfupa wake asubuhi nzima,
hajui tena kipi ni chakula, kipi ni mtego.
Na tumbili wa ile baa ya Ngaramtoni,
miaka sita kwenye mnyororo:
ukimpa ndizi huigonga kwanza na ya mwenzake,
kama watu wanaotakiana afya.
Wageni walicheka.
Nami nilicheka,
mpaka nikakumbuka kwamba baa ile naijua,
na kwamba Krismasi moja, nikiwa na hela,
niliwahi kumnunulia chupa.

Mama mmoja wa Kijerumani akauliza jina lake.
"Hatuwapi," alisema Aikande, aliyekuja akifuta mikono.
"Ukimpa jina, atakungoja."

Tajiri wa mikate alikata mshahara:
mikate kumi na miwili, pamoja na kreti,
kwa sababu nani atanunua mkate
uliolala alipolala bundi?
Nikalipa. Kreti sasa ni yangu, kuku wanataga humo.

Jumapili ya saba simu ikalia.
"Njoo jioni. Usije na maneno mengi."
Tulisimama ukingoni mwa mibuni,
yeye, mimi, na mvulana wa kushika tochi.
Bundi alikaa kwenye glavu kwa muda mrefu
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.
Kisha glavu ikawa tupu.
Hakuna sauti. Sikuwahi kujua kwamba wanaruka bila sauti.
Aliacha unyoya mmoja; Aikande akaupuliza.

Juzi usiku, juu ya bati letu, mlio.
Mama alikuwa anakoroga maharage.
Mkono wake ukalifuata kopo la chumvi,
ukalishika, ukakaa pale pale.
Mimi nilinyamaza. Mabundi ni wengi Kikatiti,
huenda alikuwa mwingine kabisa.

"Yule mgonjwa wako," akasema bila kugeuka,
"kamwambie kuna watu humu wanaamka saa tisa kuoka."

Akachota chumvi kidogo,
akaitia kwenye maharage.