Kitabu cha Lango

Miaka kumi na tisa nimeandikisha watu.
Safu ya kwanza jina, ya pili kitambulisho,
kisha saa ya kuingia, saa ya kutoka,
na ile nyembamba pembeni, isiyotosha neno: sababu.
Mzazi huandika *karo*. Mwenye lori, *kuni*.
Wakaguzi hawaandiki kitu, huniambia fungua.

Kalamu ya lango imefungwa kwa uzi wa nailoni
isije ikaondoka na mtu.
Nami nilifungwa papo hapo, ila uzi wangu mrefu kidogo:
ulinifikisha Manyatta asubuhi, ukanirudisha magharibi.

Niliachia kidato cha pili.
Kiwanda cha sukari kilinyamaza, baba akarudi na kofia ngumu ya kazi,
tukaigeuza chombo cha maji ya kuku.
Hakuna aliyeniambia acha shule.
Jumatatu sare ilikuwa kwenye kamba, imekauka,
na hakuna aliyenyoosha mkono kuianua.

Sikurudi kwa mapenzi ya vitabu, nisikudanganye.
Shiundu, kijana niliyemfundisha kushika tochi,
niliyemwonyesha namna ya kusinzia ukiwa wima,
alikuja na pikipiki ya kampuni, nyota begani,
akanikagua viatu.
"Mzee, ni cheti tu," akasema kwa huruma,
na huruma ile ikanikaa kooni
kama mwiba wa ngege.

Basi nikaingia darasa la jioni, Kibuye, nyuma ya kanisa,
saa mbili kabla ya zamu.
Madawati ya watoto. Magoti yangu hayakuwa na pa kwenda.
Rispa, muuza omena, alipiga faida ya magunia sita kichwani
kabla mwalimu hajapata chaki,
lakini ukimwandikia x alikasirika:
"Kama hujui ni ngapi, mbona unaiuza?"
Mwalimu Khavere, mdogo kuliko kitinda mimba wangu,
alicheka hadi akaketi.
Kisha akamwambia: x ni deni la mtu aliyekataa kutaja jina.
Rispa akaelewa siku ileile.
Mimi ilinichukua mpaka Agosti.

Visubi wa ziwani walijaa kwenye taa,
wakaangukia hesabu zangu; nilipowapangusa
walifutika pamoja na jibu.
Mvua ilipopiga mabati hatukusikia somo,
tulisoma midomo.

Nyumbani walidhani nina mwanamke.
Dorsila alinifuata jioni moja, akachungulia dirishani,
akaniona nimeinua mkono, mzee mzima,
naomba ruhusa ya kwenda haja.
Hakusema neno.
Kesho yake tochi yangu ilikuwa na betri mpya.

Novemba. Kituo changu cha mtihani
kikawa hapahapa, shule hiihii niilindayo.
Langoni kampuni ilimweka mgeni, kijana asiyenijua.
Akaniona na shati la kola, kalamu mbili, rula ya binti yangu.
"Andika kitabu, mzee."
Nikashika ile kalamu ya uzi.
Nyawade, Meshak O.
Namba ya kitambulisho, ninayoijua kama njaa.
Saa moja na dakika arobaini.
Nilipofika kwenye safu nyembamba mkono ulisita.
Kumbe ni finyu hivi!
Nikawasamehe wote walioniandikia ovyo.
*Mtihani*, nikaandika, na herufi ya mwisho ikavuka mstari.

Hisabati ilinipiga, hilo nalisema mapema.
Insha niliiandika hadi kidole kikavimba.
Jioni nilitoka katikati ya watoto wa kidato cha nne,
wakibishana kuhusu swali la saba,
nami nikibishana, sauti yangu juu kuliko zao,
tukapita lango bila kumwangalia mtu.

Wiki iliyofuata Shiundu alikuja kukagua kitabu.
Kalamu nyekundu ikashuka, ikashuka, ikasimama.
"Huyu hakuandika saa ya kutoka."
Nikainama nione, kana kwamba sijui.
"Naam," nikamwambia, "bado yumo."