Arobaini ya Tangi

Gari langu halina haja ya honi.
Wete nzima yajua kwamba naja:
watoto wa Kizimbani hubana pua,
dirisha la Bi Mkasi hupiga kofi.
Harusini napewa pembe ya mkeka,
karibu na mlango, upepo unichukue.

Miaka kumi na mitatu nanyonya mashimo ya watu.
Najua nani kala nini,
na sijamwambia mtu.

Sasa nyuma ya soko wamefukia tumbo la zege,
duara, halina jicho,
na mlishaji ni mimi:
bomba langu kwanza,
kisha ndoo za akina Time, matumbo ya changu,
maganda ya muhogo, makapi ya fenesi,
ukoko wa pilau ya harusi
ile ile niliyoilia pembeni.
Tukakoroga. Tukafunika. Tukahesabu.

Siku ya kumi, kimya.
Siku ya ishirini na mbili mshale wa geji ukatikisika,
ukalala tena.
Fundi Nassib akasema: mwacheni mzazi atimize arobaini.
Sokoni wakacheka: za mwizi arobaini,
za mavi ngapi?

Nyumbani, Mize hakucheka.
"Mtalivuta hilo bomba mpaka jikoni kwangu,
lakini futari sipiki kwa moto wa najisi."
Akazigeukia kuni zake za mkoko, mbichi,
akakohoa hata kanga ikamdondoka begani.
Sikumjibu. Anayenuka hana hoja.

Bomba likafika. Wiki nzima
lile jiko lilikaa limefunikwa kawa
kama mgeni asiyekaribishwa.

Ijumaa nimerudi usiku, tope magotini,
nikamkuta amechutama mbele yake,
kiberiti mkononi, bismillahi mdomoni.
Puf!
Ua la buluu,
bila moshi, bila harufu hata ya kusingizia.
Akainusa sufuria. Akainusa mikono yake.
Akaja akaninusa mimi,
akakunja uso kama siku zote.

"Huu moto si wewe," akasema.
"Ndio mimi. Nimekaa arobaini tu."

Futari hakupika. Hakuwa tayari.
Ila alibandika maji, ndoo nzima,
akatia mchaichai na makonyo ya karafuu,
akaniwekea uani,
yakifuka.
Nikaoga mpaka yakapoa.

Asubuhi, mlangoni, ndoo ya maganda:
ndizi, boga, kichwa cha samaki,
juu yake lile kawa.
Hakusema ni ya nani.