Madirisha ya Molo

Ijumaa. Shuka la bweni, nusu mkate,
tikiti nimeificha ndani ya daftari la takwimu
maana hilo silifungui ovyo.
Stesheni ya Nakuru, saa sita kasoro,
watu wamelalia mizigo yao kama wafiwa.
Mama alinipa kazi moja tu:
"Ukifika Molo, angalia."
Niangalie nini? Simu ikakatika.
Kilichopungua ni salio, si maneno.

Miaka tisa Mama aliliuzia gari hilo plamu
na hajapata kulipanda.
Kwake garimoshi lilikuwa mikono:
mkono wa saa, mkono wa pete,
mkono uliokosa kidole,
na ule uliopokea kikapu kizima, gari likang'oa,
plamu zikaenda, pesa zikaenda, kikapu nacho.

Nami nikalala.
Njoro sikuiona, Molo sikuiona.
Niliamka Koru kumekucha, miwa pande zote
imesimama kama darasa lililokatazwa kuongea,
na Bwana Ogutu wa kiti cha mbele
akaniambia, "Binti, unakoroma kwa adabu."

Kisumu, joto halipigi hodi.
Awuor alinipokea kwa kulicheka sweta langu.
Tukala ngege, mimi nikiogopa miiba,
yeye akifyonza kichwa na kunihubiria
kwamba watu wa baridi hawajui kula.
Na ziwa? Gugumaji lilikuwa limelifunika hadi mbali,
kijani kitupu; nikauliza shamba ni la nani.
Hadi leo kwao naitwa Mwenye Shamba.

Jumapili usiku nilijifinya nisilale.
Londiani, ukungu.
Mau Summit, ukungu.
Molo, gari likasimama.
Nikang'ang'ana na dirisha, likashuka nusu, likagoma.
Nikatoa mkono, hamsini kiganjani.
Taa moja.
Mbwa mmoja, akautazama mkono,
akaona hauna lake.
Hakuna aliyekuja.
Baridi ilinihesabu vidole, kimoja kimoja,
hata gari likanivuta.

Asubuhi Mama hakuuliza habari za ziwa.
"Dirisha linafunguka?"
"Nusu."
Akanyamaza, nikadhani salio limekwisha tena.
"Nusu," akasema,
"plamu zapita. Kikapu hakipiti."