Ile ya Njano

Nilizinunua tatu kwa Yoramu Lechipya,
anayechapa nyuma ya karakana ya magodoro, Majengo,
kwa kitambaa kilichovutwa kwenye fremu
na wino anaouchanganyia kopo la maziwa.
Akaipuliza karatasi kama mtu anayepoza uji,
akasema: Hizi hazina maana, mzee. Miraba tu.
Nikazipenda hapo hapo.
Kazini kila mstari wangu una maana.

Mimi ni mpima viwanja. Nimepima Ihumwa, nimepima Nala,
jicho moja nimelifumba, jingine kwenye darubini,
mkono ukimwashiria kijana aliyeshika mti:
kushoto, kushoto kidogo, hapo.
Bikoni ikazikwa. Namba ikaandikwa.
Nilitaka nyumbani mraba usio na namba.

Mwenye nyumba alishakataza tundu ukutani.
Nikangoja aende msibani Kibakwe,
nikaazima nyundo na misumari ya zege.
Wa kwanza ukapinda. Wa pili ukapinda.
Wa tatu ukazama, plasta ikadondoka kipande
chenye pembe tatu,
kana kwamba ukuta nao umeanza kujifunza.

Nyemo akasimama mlangoni na ndoo,
akasema juu, akasema chini,
akasema kwa wenzetu hutundikwa picha za harusi.
Nikaweka pima maji juu ya fremu,
nikakisubiri kile kiputo
kitulie kati ya mistari yake miwili.
Ya bluu juu ya kochi. Nyeusi na nyeupe karibu na friji.
Na ile kubwa, njano na udongo mwekundu,
mkabala na mlango, impokee mgeni.

Mgeni wa kwanza akawa shangazi yake Nyemo, Persida,
na karanga kwenye mfuko wa sukari,
na mlenda mkavu kwenye fundo la khanga.
Mbukwa. Mbukwa.
Hakukaa. Alivua kandambili, akaisogelea,
akaisoma kama majina ya waliofaulu,
kidole kikiyatangulia macho.

Hapa ni bondeni, akasema.
Hii njia ya ng'ombe, mmeinyoosha.
Hapa nilipanda uwele, na huku
mtama ule ulioliwa na kweleakwelea, ukaisha wote.
Kidole kikasimama.
Na hii ya njano, baba, walimpa nani?

Nikasema, shangazi, ni urembo.
Nikasema haina maana. Maneno ya Lechipya,
na kinywani mwangu yakapwaya
kama koti la kuazima.
Urembo, akasema.
Akalirudia taratibu, kama anayeonja chumvi ya mboga.
Kisha akaomba maji ya kunywa.

Tulikula. Alimwuliza Nyemo bei ya gesi,
akalisifu friji, akalala chumba cha watoto.
Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa stendi.

Mwaka ule, Nala, jua la saa nane,
kuna mwanamke alikatiza mbele ya darubini
na mzigo kichwani. Kuni, nadhani.
Alikuwa ameuziba mstari.
Nikamwashiria asogee, kwa mkono ule ule: kushoto,
kushoto kidogo.
Akasogea.
Huenda hakuwa yeye. Nala watu wengi.

Vumbi la Dodoma halibishi hodi.
Kila Jumamosi Nyemo anafuta vioo
kwa gazeti na maji ya siki.
Juu ya njano ipo alama ya kidole, mafuta ya karanga,
mistari yake imezungukana, hakuna ulionyooka.
Nimeona nyingi za namna hiyo, chini ya fomu,
upande wa kulia, kwa wino wa zambarau,
nikazihesabu, nikaziweka kwenye faili.
Hii nimemwambia aiache.

Mwenye nyumba amerudi.
Picha hakuitazama. Alitazama msumari,
akauliza nani alinipa ruhusa.