Januari Imejaa

Kalenda imefika Kibaigwa juu ya magunia ya mahindi,
zawadi ya wakala wa Dodoma kwa mafundi wa pancha:
miaka mia ya kampuni,
kila mwezi na picha yake.

Januari ni banda. Wanaume saba wenye masharubu,
tairi za baiskeli zimetundikwa nyuma yao kama bangili.
Machi, bomba moja la moshi. Juni, mabomba sita,
na majina ya nchi ambayo baba anayatamka polepole
kama anayetafuta tundu ndani ya beseni la maji.
Desemba ni ndege, magurudumu yakigusa lami,
na chini yake: Tumeizunguka dunia.

Baba anacheka. "Na hapa walipita lini?"

Babu Chilongani aliokota tairi la trekta
kule Kongwa, Waingereza walipozikatia tamaa karanga zao.
Akachonga jozi kumi na nne za katambuga.
Yule mbayuwayu wa chapa, mdogo kama ukucha,
aliangukia kisigino cha kushoto cha bibi Matika;
kila alipokwenda kisimani
ndege alitua vumbini, akaruka, akatua.

Baba alisomea herufi hapo hapo, ubavuni mwa tairi,
kwa dole gumba. Shule ilikuwa mbali.
Neno lake la kwanza halikuwa baba wala mama,
lilikuwa TORVANI, na namba nne asizozijua
mpaka dereva mmoja wa Manyoni alipomwambia:
hiyo ni wiki, huo ni mwaka, ndipo lilipozaliwa.
Tangu hapo habandiki kiraka kabla ya kusoma umri.

Wao walihesabu viwanda.
Sisi tulihesabu yaliyotufikia:
ya nyuzi za pamba,
kisha ya waya, uliomchana kiganja,
kisha yasiyo na mpira wa ndani,
tukala mlenda mtupu miezi mitatu
hadi alipojua kuziba kwa utambi na gundi.

Sasa anaigeuza kalenda. Nyuma ni peupe.
Anaomba kalamu yangu, anaandika kwa herufi kubwa,
zile zile za ubavuni:
LECHIPYA, GURUDUMU LA NYUMA, ELFU TATU,
ATALIPA AKIUZA ALIZETI.

Anaitundika msumarini, viwanda vikiangalia ukuta.
Kufika adhuhuri
Januari imejaa.