Gundi ya Muhogo

Mama Nsimire aliingia na matope hadi magotini,
akaiweka mezani Biblia ya marehemu mumewe,
nene, mgongo umevunjika, inanuka moshi wa makala.
"Fundi, ishone. Lakini kwanza vitoe vile saba.
Pasta anasema havina pumzi ya Mungu."

Mimi si padri, si pasta.
Najua uzi, sindano, nta na wembe.
Miaka ishirini na mitatu hapa Kadutu
nimeshona madaftari ya madeni, kadi za kliniki,
vitabu vya nyimbo vya makanisa yasiyosalimiana.
Hakuna aliyewahi kuniuliza
Mungu alipumua ukurasa gani, akaruka upi.

Nilianza na vile sita vilivyoanzia, kwa bahati,
karatasi yao wenyewe.
Vita vya kale vikatoka. Yakatoka mausia ya mzee
juu ya rafiki ambaye urafiki wake ni sahani.
Wembe ukapita. Karatasi haikulia.
Nilitega sikio, sitakataa.

Kisha nikafika kwenye kile cha kijana
anayesafiri, mbwa wake akimfuata nyuma,
na mkono ukagoma.

Karatasi ni moja.
Usoni kinaishia kitabu kisicho na ugomvi:
mtu anamwomba Mungu asimsahau.
Mgongoni kinaanza kile kinachogombaniwa:
mtu mwingine anaokota maiti wa kabila lake
na kuwazika, mfalme apende asipende.
Wembe hukata urefu, hukata upana.
Unene wa karatasi, haujui pa kuushika.

Na pembeni, kalamu ya risasi.
Mwandiko wa Bahizire, umelala kama majani ya upepo.
Si maelezo, si sala:
*Mwamini, mtoto.*
*Mzee wa nyumba ya bati la kijani.*
*Mwanamke, hajulikani, pete ya shaba.*
Ni usiku ule mlima ulipoteremka na mvua.
Alichimba kwa koleo la kuazima mpaka jogoo,
akaosha, akafunika, akazika,
akaenda kazini udongo ungali kwenye kucha.

Nikamwita mama, nikamwonyesha.
"Nikikitoa hiki, nimekitoa na kile."
Alisoma kwa kidole, jina baada ya jina,
kwenye pete ya shaba kidole kikakaa.
"Pasta hakuwepo mwaka ule," akasema,
halafu akajirudi:
"Lakini Bahizire alipokufa, yeye ndiye aliyekesha nami,
siku tatu, kwenye kiti kisicho na mgongo.
Padri alituma salamu."

Sikuwa na jibu. Nani angekuwa nalo?
Mmoja ana kitabu cha maziko,
mwingine alikuja mazikoni.

"Basi," akasema, "bandika karatasi nyeupe upande huo."

Nikakoroga unga wa muhogo na maji ya moto,
nikapaka, nikabandika, nikakandamiza kwa pasi baridi.
Vile sita nimevifunga kwa karatasi ya mfuko wa saruji,
viko chini ya meza, mbali na panya.
Hajaviulizia. Sijavitupa.

Alhamisi akarudi. Akafungua papo hapo,
akaunyanyua ukurasa kuelekea mlangoni,
jua lilikuwa limetoka kidogo upande wa ziwa,
na kwenye weupe majina yakajitokeza
membamba, kama miiba ya sambaza.

"Gundi gani hii?"
"Ya muhogo, mama."
"Inashika?"
"Inashika."

Akahesabu franka, akaikumbatia Biblia ndani ya kitenge,
akavuka kizingiti, akasimama.
Mawingu yalikuwa yameanza tena kushuka.
"Na ikipata maji?"

Hapo nilimpa ninachokijua, kisichozidi:
"Ikipata maji, mama, inaachia."