Vitabu vya Pasaka, Hovdal

Wiki moja kabla ya Pasaka nauza vifo.
Wateja wangu ni watu wapole:
mwalimu wa fidla, dereva wa gari la kuzoa theluji,
mchungaji wa kanisa anayeficha viwili chini ya koti.
Wameshanunua machungwa, chokoleti, nta ya skii,
ndipo waje kwangu na swali lile lile:
"Nani kafa vizuri mwaka huu, Ragnfrid?"

Ndivyo tulivyo huku Norwe.
Wengine huenda kulitazama jiwe lililoviringishwa;
sie twapanda milimani, twawasha kuni,
twafungua ukurasa wa kwanza tukitafuta maiti.
Hata pakiti ya maziwa mezani ina kisa chake,
watoto wanabishana muuaji ni nani, uji unapoa.

Basi sikiliza, vipya ni vingi na likizo ni fupi.
Chukua kile cha jalada la buluu:
mpima kina anakuta gari chini ya barafu ya ziwa,
mkanda umefungwa, kitini hakuna mtu.
Sikulala. Sikupokea simu ya dada yangu.
Kile kinene cha mambo ya benki kiache,
mwandishi anajua fedha, hajui woga.
Hiki chembamba, cha mkalimani wa mahakama
anayepotosha neno moja kwa makusudi,
kisome mara mbili:
mara ya kwanza utamhukumu yeye.
Siku za mwizi ni arobaini;
mwizi wa huku hupewa kurasa mia tatu na themanini.

Asgeir Brekkhus huvinunua vyote.
Alikuwa polisi wetu miaka thelathini na mmoja.
Akivimaliza huvileta kwenye sanduku la mitumba,
pembeni kaandika kwa penseli:
Damu haikauki hivi.
Mbwa alilishwa na nani?
Mama hasemi haya. Mama hasemi kitu.

Mwaka huu kimetoka kimoja kisicho na mwisho.
Mvulana anavaa skii kwenda kununua hamira, basi.
Kurasa mia nne, na mpelelezi anastaafu hajui.
Watu walinirudishia kwa hasira, wakadai pesa zao,
kana kwamba niliwauzia mayai viza.
Asgeir alinunua nakala tatu.
"Hiki," akasema, akikipapasa mgongo, "hakinidanganyi."
Sikuuliza. Mji wetu ni mdogo,
na mwaka wa themanini na sita kila mtu anaujua:
mtoto wa Gudny Tveito,
skii moja ilipatikana, ya kushoto.

Alhamisi, nimeshazima taa ya dirishani,
Gudny mwenyewe akaingia.
Ana miaka themanini na tatu. Akakung'uta viatu,
akavua glavu moja tu.
Husoma kwa kioo cha kukuzia, mstari kwa mstari,
kitabu kimoja humchukua majira mazima.
"Nataka kipya," alisema, "na kinitie hofu, sawa,
lakini wamwone. Hata mwishoni kabisa.
Hata kama ni chini ya maji. Wamwone tu."

Miaka ishirini na sita nipo nyuma ya kaunta hii.
Miisho ya rafu zote naijua kwa moyo.
Mkono ulikwenda kwenye kile cha buluu, nikaurudisha.
Katika kingine walipata mfupa,
katika kingine walimpata mtu, siye.
"Vuli," nikasema. "Kuna kimoja kitatoka vuli."
Hakipo. Mimi siandiki, nauza tu.

Gudny alifungua pochi.
Akatoa noti, akazilaza juu ya kaunta,
akazinyoosha mikunjo kwa kiganja kile kisicho na glavu.
"Basi niandike jina," alisema.
"Nalipa kabisa."